Mawimbi ya Wi-Fi ni ya wote, anayeingia asikilize kwanza

Mwezi Desemba 2023, mjini Dubai, mataifa wanachama wa Shirika la kimataifa la mawasiliano (ITU) yalimaliza mkutano wa karibu majuma manne juu ya mgawanyo wa mawimbi ya redio duniani. Kati ya maamuzi yake, kuna moja linalogusa simu iliyo mfukoni mwa mkaaji wa Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi. Mawimbi ya kati ya megahezi 6425 na 7125 yalitajwa kuwa yanafaa kwa mitandao ya simu za mkononi katika eneo linalojumuisha Ulaya na Afrika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ikiwemo. Haikuwa amri. Kila serikali inabaki na uhuru wa kuyapa makampuni ya simu, kuyafungulia Wi-Fi, ao kutafuta namna pande hizo mbili zitakavyoyatumia pamoja.

Uhuru huo ndio unaofanya jambo hili listahili kujadiliwa kwa sauti, na si katika ofisi za Kinshasa peke yake. Nyuma ya namba hizo kuna ugomvi wa zaidi ya miaka 10 kati ya makampuni makubwa ya dunia, na swali lake ni rahisi kuelewa: mahali ambapo kila mtu anaruhusiwa kuzungumza bila kulipa, mwenye sauti kubwa anatakiwa kufuata desturi gani?

Mawimbi ya redio yamegawanywa katika mafungu. Vodacom, Airtel, Orange na Africell zinalipa serikali ili kila moja iwe na mafungu yake. Mwingine akiingia humo, anavunja sheria. Vivyo hivyo kwa ndege, polisi na redio za FM. Lakini kuna mafungu machache ambayo hayana mwenyewe. Humo ndimo inamoishi Wi-Fi ya nyumbani, Bluetooth ya spika inayopiga muziki kwenye duka la kona, kipaza sauti kisicho na waya cha kanisa, rimoti za milango na vifaa vingine vingi. Hakuna anayelipa leseni kila mwaka ili awashe ruta yake. Yanayojulikana zaidi ni ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5.

Bure haina maana ya bila sheria. Kila kifaa kimewekewa mpaka wa nguvu, hakiruhusiwi kumsumbua mwenye leseni, na kinatakiwa kuvumilia usumbufu wa majirani. Mkaaji ambaye Wi-Fi yake inasinzia kila jioni kwa sababu nyumba zote za avenyu zimewasha ruta hana mahali pa kupeleka mashtaka. Jirani hakumwibia kitu, kwa kuwa wote wawili ni wageni katika nyumba isiyo na mwenyeji.

Mafungu haya yalianza kama takataka. Mwaka 1947, mkutano wa kimataifa uliofanyika Atlantic City, Marekani, uliyatenga kwa ajili ya mashine za viwanda, za utafiti na za hospitali, zile zinazotoa mawimbi kwa kazi ya kupasha moto na si kwa mazungumzo. Tanuri ya maikrowevu inafanya kazi karibu na gigahezi 2.45 mpaka leo. Hakuna kampuni ya mawasiliano iliyotaka kujenga biashara katikati ya kelele hizo. Tarehe 9 Mei 1985, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani (FCC), ikisukumwa na mhandisi wake Michael Marcus, iliruhusu mtu yeyote kutumia baadhi ya mafungu hayo kwa mawasiliano bila leseni, mradi atawanye mawimbi yake na asizidishe nguvu. Miaka 12 baadaye, mwaka 1997, kanuni ya kwanza ya kile kinachoitwa leo Wi-Fi ilitoka, ikiwa na mwendo wa megabiti 2 tu kwa sekunde.

Kilichofuata kila mtu anakijua. Fungu ambalo hakuna aliyelitaka likawa njia ambayo intaneti inapitia kuingia katika nyumba, shule, hoteli na maofisi ya dunia nzima. Makampuni ya simu yenyewe yalifurahi kuona wateja wao wakihamia kwenye Wi-Fi wafikapo nyumbani, maana minara yao ilipumua. Baadaye yakaanza kulitazama fungu hilo kwa macho mengine.

Ili kuelewa ugomvi, lazima kwanza kuelewa namna vifaa hivi vinavyopeana nafasi bila mkubwa wa kuvipanga. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, kikundi cha profesa Norman Abramson kilianzisha mtandao wa redio ulioitwa ALOHA kuunganisha visiwa. Sheria yake ilikuwa nyepesi: mwenye neno alitoe mara moja, likigongana na la mwingine, angoje kidogo na kulirudia. Kwa watu wachache ilitosha. Lakini hesabu zilionyesha kwamba njia kama hiyo, hata ikitumiwa vizuri kabisa, haiwezi kupitisha zaidi ya asilimia 18 ya uwezo wake. Muda mwingine wote unaliwa na kugongana na ukimya.

Wi-Fi ilichukua fundisho hilo na kuongeza jambo moja: kusikiliza kabla ya kusema. Ruta ao simu inayotaka kutuma kitu inategea sikio. Ikikuta ukimya, inangoja mikrosekunde 34, halafu inachagua namba kwa bahati nasibu kati ya 0 na 15, na kuihesabu kurudi nyuma, kila hatua mikrosekunde 9. Ikifika sifuri na bado kuna ukimya, inasema. Ikisikia mwingine ameanza, inasimamisha hesabu na kungoja amalize. Ujumbe wake ukigongana na wa mwingine, inajiadhibu yenyewe: safari ijayo inachagua namba katika fungu kubwa mara mbili, na kuendelea hivyo mpaka 1023. Kadiri msongamano unavyozidi, ndivyo kila mmoja anavyopunguza haraka yake. Yeyote aliyewahi kuketi katika barza ya wazee anaijua desturi hii: hakuna anayeandika orodha ya wasemaji, lakini hakuna anayemkata mwenzake katikati ya neno.

Bluetooth ilishika njia nyingine. Haisikilizi kwa namna hiyo, inaruka. Fungu la gigahezi 2.4 imeligawa katika vijia 79, na inabadilisha kijia mara 1600 kwa sekunde. Mwanzoni iliruka bila kutazama, na mara nyingi ilitua juu ya Wi-Fi. Tangu mwaka 2003 imefundishwa kuweka alama kwenye vijia vyenye msongamano na kuviepuka. Toleo lake la kutumia umeme kidogo, linalokutwa kwenye saa na vifaa vya afya, lina vijia vitatu vya kujitangaza ambavyo vilichaguliwa makusudi katika nafasi zinazobaki kati ya vijia vya Wi-Fi vinavyotumiwa zaidi, yaani namba 1, 6 na 11. Hapo watu walioshindana sokoni walikaa pamoja wakapimiana mipaka.

Huko Ulaya, vifaa vidogo vinavyotumia mawimbi ya karibu megahezi 868, kwa mfano vile vinavyosoma mita za maji, vina sheria ya aina ya tatu: katika sehemu kubwa ya fungu hilo, kifaa hakiruhusiwi kusema zaidi ya asilimia 1 ya muda, sawa na sekunde 36 kwa saa. Haijali nani anasikiliza. Sema kifupi, kisha nyamaza.

Kusikiliza, kuruka, kusema kifupi: desturi hizi zilikua pole pole na zilitosha kwa muda mrefu, kwa sababu kila aliyeingia alikuwa mdogo. Mwishoni mwa mwaka 2013 kampuni ya Qualcomm ya Marekani ilileta pendekezo la kuitoa teknolojia ya simu ya 4G, inayoitwa LTE, nje ya mafungu yake ya kulipia na kuiingiza katika gigahezi 5, nyumbani kwa Wi-Fi. Mwaka uliofuata, kampuni ya simu ya Verizon ilikusanya Ericsson, Alcatel-Lucent, Samsung na Qualcomm yenyewe kuandaa kanuni za teknolojia hiyo, iliyopewa jina la LTE-U.

LTE ilizaliwa katika fungu lenye mwenyewe. Mnara wake ndio unaoamua nani aseme, lini na kwa muda gani. Haikufundishwa kungoja mgeni, kwa kuwa katika shamba lake hakuna mgeni. Ili iweze kuishi na Wi-Fi, LTE-U ilipewa desturi ya kuwaka na kuzima: inapima kwanza kama kuna watu wengi, kisha inajigawia sehemu ya muda, tuseme nusu, na nusu nyingine inanyamaza. Kwa karatasi, ni haki. Nusu yako, nusu yangu.

Ubaya ulikuwa katika ile sekunde ya kuwaka. Muda wake ukifika, LTE-U inawaka bila kuuliza kama kuna anayesema. Ujumbe wa Wi-Fi uliokuwa njiani unavunjika. Na Wi-Fi, kwa kuwa haielewi kilichotokea, inadhani njia ni mbaya, kama vile simu iko mbali sana na ruta. Basi inapunguza mwendo wake ili isikike vizuri, na ujumbe ule ule sasa unachukua muda mrefu zaidi, na unazidi kuwa katika hatari ya kukutwa na kuwaka kunakofuata. Aliyeachiwa nusu ya muda anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mwendo wake. Mwezi Juni 2015 Google iliiandikia FCC ikionyesha hatari hiyo, na CableLabs, maabara ya makampuni ya kebo, ilisema hivyo hivyo. Watetezi wa LTE-U walijibu kwa vipimo vyao vinavyoonyesha kwamba teknolojia hiyo ni jirani mwema kuliko hata ruta nyingine ya Wi-Fi.

Pande zote zilikuwa na masilahi. Makampuni ya kebo yalikuwa yakiuza huduma kwa njia ya Wi-Fi na yalishindana na makampuni ya simu. Lakini kuna jambo moja ambalo halikutegemea vipimo vya upande wowote: LTE-U haikuweza kufanya kazi peke yake. Ilikuwa lazima ifungwe kwenye fungu la kulipia, lililotumika kama nanga. Maana yake, ni mwenye leseni peke yake ndiye aliyeweza kuitumia. Wi-Fi inaweza kuwekwa na mwalimu, mchuuzi ao parokia. LTE-U ingewekwa na kampuni ya simu tu. Mahali pa wote pangekuwa nyongeza ya shamba la tajiri, na majirani wangeombwa washukuru kwa nusu waliyoachiwa.

Ulaya na Japani hazikuhitaji kubishana sana. Huko sheria ilikwisha kusema kwamba anayetumia gigahezi 5 anatakiwa kusikiliza kabla ya kusema, awe nani. LTE-U haikuwa na mlango. Kwa ajili ya masoko hayo, shirika la 3GPP linaloandika kanuni za simu duniani lilitengeneza mwaka 2016 toleo lingine, LAA, ambalo linasikiliza, linahesabu kwa bahati nasibu na linaongeza kungoja kwake kunapokuwa na msongamano, karibu kama Wi-Fi. Marekani, ambako sheria haikudai kusikiliza, ilibidi watu wakae chini. Muungano wa Wi-Fi ulitoa mpango wa vipimo mwezi Septemba 2016, na tarehe 22 Februari 2017 FCC iliruhusu vifaa vya kwanza vya LTE-U, vya Ericsson na Nokia. Baadaye teknolojia hiyo ilififia, LAA ikachukua nafasi, na leo 5G ina toleo lake la mafungu huru ambalo nalo linasikiliza.

Tazama tofauti. Teknolojia ni ile ile, makampuni karibu ni yale yale. Palipokuwa na sheria ya mstari mmoja, iliyoandikwa mapema na isiyotaja jina la teknolojia yoyote, aliyeingia alibadilisha tabia yake mlangoni. Palipokosekana, wadogo walitumia miaka wakiomba wasikanyagwe, na walisikilizwa kwa sehemu kubwa kwa sababu kati yao kulikuwa na Google. Katika inchi ambamo wanaotegemea Wi-Fi ni wenye sibekafe na vituo vya afya, hakuna Google ya kuwaandikia barua.

Hata hivyo, kusikiliza peke yake hakumalizi neno haki. Wi-Fi ikitambua sauti ya Wi-Fi nyingine, inanyamaza hata kama sauti hiyo imefika ikiwa dhaifu sana. Ikisikia kelele ya lugha isiyoijua, haijali mpaka kelele hiyo iwe na nguvu mara 100 zaidi. Kwa vipimo vya mafundi, ni tofauti ya kutoka -82 mpaka -62 dBm. LAA ilipewa mpaka wa katikati, -72. Kwa hiyo watu wa simu walikuwa na jibu lenye uzito: nyinyi mnaodai tuwasikilize, sisi mnatusikiliza kwa sikio nusu. Mabishano juu ya namba hizo tatu yamejaza makaratasi mengi, na bado hayajatulia.

Tena Wi-Fi yenyewe si malaika. Kanuni yake inampa kila mmoja zamu sawa, haimpi kila mmoja muda sawa. Simu iliyo mbali ao ya zamani, inayotuma kwa megabiti 1 kwa sekunde, inahitaji milisekunde 12 kupitisha kifurushi cha baiti 1500. Simu iliyo karibu, kwa megabiti 54, inakipitisha kwa chini ya robo ya milisekunde moja. Wakipokezana zamu kwa zamu, mmoja anakalia njia karibu muda wote, na yule wa haraka anajikuta akienda kwa mwendo wa yule wa pole. Wakaaji wa Goma wameona jambo hilo barabarani: tshukudu iliyobeba magunia ya makaa ikishika njia nyembamba, hata jeep ya shirika inatembea kwa mwendo wa tshukudu. Je, ni haki kumpa kila mmoja zamu, ao kumpa kila mmoja dakika? Mafundi wana majibu mawili, na ruta nyingi za kisasa zimeanza kuegemea la pili. Ni chaguo la kibinadamu lililofichwa ndani ya mashine, na aliyenunua ruta sokoni hakuulizwa.

Ndiyo maana kipimo ambacho 3GPP ilijiwekea kwa ajili ya LAA kinafaa kutazamwa kwa uangalifu. Kilisema kwamba mgeni asiidhuru Wi-Fi zaidi ya vile ambavyo mtandao mmoja zaidi wa Wi-Fi ungeidhuru. Ni kanuni nzuri kwa kuanzia. Lakini inaruhusu mengi, kwa sababu mtandao mmoja zaidi wa Wi-Fi uliowekwa vibaya unaweza kudhuru sana.

Hapo ndipo jambo linarudi nyumbani, na lawama haiendi kwa wakubwa peke yao. Katika miji ya mashariki, intaneti ya bei ndogo inafika kwa wengi kupitia watoa huduma wadogo: antena juu ya paa ao juu ya kilima, kiungo cha gigahezi 5 kutoka kartie moja mpaka nyingine, halafu Wi-Fi inayouzwa kwa saa ao kwa siku. Bila mafungu huru kazi hiyo isingekuwepo. Kisiwani Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, mtandao wa jamii uitwao Pamoja Net ulionyesha kwamba hata mahali pasipo na soko la kuvutia makampuni makubwa, watu wanaweza kujiwekea Wi-Fi yao.

Lakini mchuuzi wa Wi-Fi anayeongeza nguvu ya antena kupita mpaka, ao anayetanua njia yake ya gigahezi 2.4 mpaka inakalia karibu nusu ya fungu lenye megahezi 83.5, anafanya lile lile ambalo LTE-U ililaumiwa nalo. Anapata mteja leo. Kesho mwenzake wa ng'ambo naye anaongeza nguvu, na mwisho wote wawili wanauza kelele. Mbaya zaidi ni pale gigahezi 5 inapogusa wenye haki ya kwanza. Mwaka 2009, San Juan, Puerto Rico, rada ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege ilianza kuona alama za uongo kutokana na viungo vya intaneti visivyo na leseni vilivyokuwa katika mawimbi ya rada hiyo. Ruta inatakiwa kuitambua rada na kuhama mara moja. Baadhi ya watu walikuwa wamezima kinga hiyo ili wasipoteze mwendo. FCC iliwatoza faini. Rada hizo zinatafuta upepo wa ghafla unaoweza kuangusha ndege inayotua.

Msongamano utazidi. Mwezi Mei 2025, mamlaka ya udhibiti wa posta na mawasiliano (ARPTC) ilitangaza kuwapa Starlink ruhusa ya kufanya kazi Congo, baada ya kuikataza mwaka 2024. Sahani ya Starlink inazungumza na satelaiti katika mawimbi mengine, lakini ndani ya nyumba huduma inapita kwenye ruta ya Wi-Fi kama nyingine zote. Sahani 20 katika avenyu moja ni ruta 20 zaidi katika mafungu yale yale mawili.

Ndiyo sababu gigahezi 6 ina maana. Marekani ilifungua megahezi 1200 kwa mara moja, kutoka 5925 mpaka 7125, mwezi Aprili 2020. Ulaya ilifungua megahezi 480 za chini mwaka 2021. Umoja wa Mawasiliano wa Afrika (ATU), wenye makao yake Nairobi, umependekeza inchi za bara zifungue sehemu ya chini, 5925 mpaka 6425. Sehemu ya juu ndiyo iliyoshindaniwa Dubai. China imeamua kuipa simu fungu lote. Uingereza, mamlaka yake Ofcom inatafuta njia ya tatu: Wi-Fi na simu zitumie sehemu ya juu pamoja, wazo ambalo miaka 10 iliyopita lingechekwa na pande zote mbili.

Makampuni ya simu yana hoja, na ni haki kuisema. Wi-Fi haitembei na mtu kutoka Beni mpaka Butembo. Anayenunua mega barabarani anategemea mnara. Makampuni yakipewa mawimbi zaidi, minara ya mijini itapitisha data zaidi. Tena mawimbi yanayotolewa kwa leseni yanaingiza franga katika hazina ya serikali, na mawimbi huru hayaingizi hata moja kwa njia hiyo.

Lakini hoja hiyo inafunika jambo. Mawimbi ya gigahezi 6 hayaendi mbali na yanapita ukuta kwa shida. Mkaaji wa Walikale ao Shabunda asiye na mnara hataokolewa nayo. Anayehitaji ni mawimbi ya chini, ya megahezi 700 ao 800, yanayovuka vilima, na hasa anahitaji mtu wa kujenga mnara. Fungu la gigahezi 6 litatumika katikati ya miji, kwa wateja ambao tayari wana mtandao. Kuhusu franga, wakaaji wa Congo wanakumbuka ushuru wa RAM uliokatwa kwenye inite za simu zao mpaka ulipofutwa mwaka 2022. Mawimbi yanayouzwa kwa bei kubwa yanalipwa mwishoni na yule yule anayenunua inite.

Kuna wanaosema kwamba simu za bei ndogo zinazouzwa kwetu hazijui gigahezi 6, kwa hiyo haraka ni ya nini. Ni kweli kwamba nyingi bado hazina uwezo huo. Hata Wi-Fi ya gigahezi 5 ilikuwa ya matajiri wakati mmoja. Leseni ya simu, kinyume chake, inatolewa kwa miaka mingi. Fungu likishauzwa halirudi kwa sababu simu zimekuwa rahisi.

Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano inaweka masafa mikononi mwa taifa, na mdhibiti ndiye anayepanga matumizi yake. Mambo matatu yako ndani ya uwezo wake bila kungoja mtu. Sehemu ya chini ya gigahezi 6 iwe wazi kwa Wi-Fi, kwa tangazo ambalo kila mtoa huduma mdogo anaweza kulisoma na kulielewa, pamoja na mipaka ya nguvu ya ndani na ya nje ya nyumba. Katika gigahezi 5, na popote pengine pasipo leseni, iandikwe kwamba kila teknolojia inayotuma data nyingi, iwe ya Wi-Fi, ya 4G, ya 5G ao ya jina litakalokuja kesho, isikilize kabla ya kusema. Na sehemu ya juu isiuzwe kwa kampuni yoyote kabla ya matokeo ya Ulaya juu ya kushirikiana kujulikana. Inchi ambayo bado haina wateja wa kulijaza fungu hilo haipotezi kitu kwa kungoja miaka miwili ao mitatu.

Jambo la mwisho ni la kazi ya kila siku. Mipaka ya nguvu isiyopimwa na mtu ni maandishi tu. Timu yenye kifaa cha kupimia mawimbi, ikipita Kadutu ao Katuba mara moja kwa mwaka na kuwaonyesha wenye antena njia walizojaza na zile zilizo tupu, itasaidia zaidi ya faini. Wengi wa hao wachuuzi hawajui kwamba wanaumizana. Walifundishwa kazi na rafiki, ruta ilikuja na maelezo ya Kichina, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba njia 1, 6 na 11 zipo.

Mkutano ujao wa dunia utafanyika Shanghai mwaka 2027. Simu zitaomba tena, safari hii kati ya megahezi 7125 na 8400 na katika mafungu mengine mawili. Misimamo ya Afrika inatayarishwa katika vikao vya ATU kabla ya hapo. Msimamo wa Congo juu ya mawimbi huru unatakiwa kutangazwa hadharani kabla ya vikao hivyo kufungwa, ili wenye Wi-Fi ya Idjwi na wenye minara ya Kinshasa wausome siku moja.